Andazi la Bagamoyo: iliki ya Muheza, ngano ya ng'ambo

Na Mwandishi Wetu, Bagamoyo

KABLA adhana ya alfajiri haijamalizika, harufu ya iliki iliyochanganyika na moshi wa kuni huwa imekwishatanda katika mitaa ya Dunda na Magomeni mjini Bagamoyo. Hiyo ni harufu ya bekari ndogo za mtaani na majiko ya maandazi, mengi yakiwa uani mwa nyumba za kuishi, ambayo huulisha mji huu kuanzia wavuvi wanaorejea ufukweni hadi wanafunzi wa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa).

Mgeni akiuliza kinachouzwa huorodheshewa maandazi ya iliki na tui la nazi, skonzi, sambusa, kachori, bajia, visheti, kalimati, vitumbua na mkate wa kumimina. Katika orodha hiyo, ni vyakula vichache tu ambavyo havikupitia upande wa pili wa Bahari ya Hindi kabla ya kufika mezani.

Katika miji mikubwa ya Ulaya na Marekani, kumezuka kwa miaka ya karibuni maduka ya mikate yanayojinadi kwa keki zenye ladha za Asia: iliki, nazi, ufuta na chai ya kijani ya Japani. Huko bidhaa hizo hutangazwa kama uvumbuzi na huuzwa kwa bei ya uvumbuzi. Bagamoyo hakuna anayejinadi hivyo, kwa sababu hakuna anayekumbuka wakati ambapo andazi lisilo na iliki lilikuwa andazi kamili.

Kwa maana hiyo, jambo linalozikabili bekari za mji huu si ladha. Ladha ipo na wateja wapo. Tatizo lipo katika mfuko wa unga, dumu la mafuta na kilo ya sukari, vitu vitatu ambavyo bei yake hupangwa mbali kabisa na mtaa, na ambavyo tangu mwaka 2022 vimelifanya andazi la Bagamoyo lipungue ukubwa, bei yake ipande, au yote mawili kwa pamoja.

Ladha iliyoingia kwa jahazi

Kilomita chache kusini mwa mji, katika magofu ya Kaole, wageni huonyeshwa vigae vya vyombo vya Kichina vilivyookotwa miongoni mwa misikiti na makaburi ya mji wa kale unaokadiriwa kuanza karne ya 13. Biashara kati ya mwambao huu na Asia, kwa hiyo, ni ya kale kuliko Bagamoyo yenyewe.

Karne ya 19, Bagamoyo ilipokuwa lango la misafara ya kwenda Tabora na Ujiji, wafanyabiashara kutoka India walijenga maduka katika mtaa unaoelekea pwani. Mashuhuri kuliko wote alikuwa Sewa Haji Paroo, aliyekuwa akiwapatia wasafiri wa Kizungu wapagazi na bidhaa. Henry Morton Stanley alifanya naye biashara mwaka 1871, wakati huo Sewa Haji akiwa kijana wa umri wa miaka kama 20, na kitabu cha msafiri huyo kinaonyesha wazi kuwa kijana alimzidi ujanja mzee wa habari. Kabla ya kufariki dunia mwaka 1897, Sewa Haji alitoa mali kwa ajili ya elimu mjini Bagamoyo na hospitali ya Dar es Salaam, ambayo jina lake lingalipo katika historia ya Muhimbili.

Pamoja na nguo na shanga, watu hao walikuja na majiko yao. Chapati, bajia na kachori ni maneno ya Kihindi ambayo Mswahili hayahisi tena kuwa mageni. Sambusa lina asili ya Kiajemi. Halua ilitoka Uarabuni, na kalimati ni ndugu wa luqaimat za Ghuba, ambazo hadi leo huliwa Muscat na Dubai wakati wa kufuturu. Andazi lenyewe ni la hapa, kwani jina lake linatokana na kuandaa, na limefanya safari ya kurudi: katika migahawa ya Oman, walikorejea watu wengi waliokulia Zanzibar na mwambao, mandazi na chai ya maziwa ni kifungua kinywa cha kawaida.

Ikumbukwe kwamba viungo vyenyewe havitoki tena Asia. Iliki inayotwangwa Bagamoyo hutoka milima ya Usambara Mashariki, hususan Amani wilayani Muheza, na milima ya Uluguru mkoani Morogoro. Karafuu ni ya Pemba na Unguja. Mdalasini pia hulimwa Muheza. Nazi ni ya mwambao wenyewe. Kwa maneno mengine, kilichokuwa cha kigeni katika andazi kimekuwa cha nyumbani. Unga wa ngano, ambao hakuna anayeufikiria kuwa wa kigeni, ndio unaovuka bahari kila mwezi.

Mtego wa sarafu

Urusi ilipoivamia Ukraine tarehe 24 Februari 2022, bei ya ngano katika masoko ya dunia ilifikia viwango ambavyo havikuwahi kuonekana, kwani nchi hizo mbili ni miongoni mwa wauzaji wakubwa na Tanzania ni mmoja wa wateja wa ngano ya Bahari Nyeusi. Mei 13 mwaka huo India nayo ikapiga marufuku uuzaji wa ngano yake nje. Kati ya mwisho wa Aprili na Mei 23, Indonesia, mzalishaji mkubwa kuliko wote wa mafuta ya mawese duniani, ilisitisha kuuza mafuta hayo nje. Kwa mpika maandazi, hilo lilikuwa pigo kwenye unga na kwenye karai katika msimu mmoja.

Hapa ndipo lilipo jambo ambalo watunga sera hulisahau. Mwenye kiwanda kikubwa cha mikate anaweza kupandisha bei ya mkate kwa Sh50 au Sh100 na mteja akanung'unika kisha akazoea. Muuza maandazi hana uwanja huo. Andazi liliuzwa Sh100 kwa sababu kuna sarafu ya Sh100 mfukoni mwa mtoto anayekwenda shule. Sarafu ya Sh50 imebaki jina tu katika biashara za mtaani, na inayofuata juu ni ya Sh200. Kupandisha bei kwa ngazi moja ni kuipandisha kwa asilimia 100.

Ndiyo maana mwaka 2022 kilichopungua kwanza ni andazi lenyewe. Wapikaji wengi, Bagamoyo kama ilivyokuwa Dar es Salaam, walisukuma unga ukawa mwembamba, wakakata vipande vidogo na kuongeza hamira ili andazi livimbe na kuficha upungufu. Wateja hawakudanganyika, ila hawakuwa na la kufanya. Mkate uliofungashwa unatakiwa kisheria kuonyesha uzito wake, na Wakala wa Vipimo anaweza kuukagua. Andazi huuzwa kwa idadi na halina mizani inayolilinda. Baadaye wengi walihamia Sh200, na hapo ndipo familia zenye watoto wanne au watano zilipoanza kuhesabu.

Bei ya ngano duniani ilianza kushuka katika nusu ya pili ya mwaka 2022, na kufikia mwaka 2024 ilikuwa imerudi karibu na kiwango cha kabla ya vita. Andazi halikurudi. Si haki kumtupia lawama mpikaji peke yake. Dola ya Marekani iliyokuwa ikibadilishwa kwa takriban Sh2,300 mwaka 2022 ilikuwa imevuka Sh2,600 katikati ya mwaka 2024, na ngano hununuliwa kwa dola. Nauli na mafuta ya magari navyo vilikuwa juu. Nafuu iliyopatikana ng'ambo iliishia njiani kabla haijafika Magomeni.

Ngano ya nani?

Takwimu zilizokuwa zikitolewa na Serikali katika miaka hiyo zilionyesha kuwa mahitaji ya ngano nchini yalikuwa takriban tani milioni moja kwa mwaka, wakati uzalishaji wa ndani haukufika hata sehemu ya kumi ya kiasi hicho. Ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa ngano ni asilimia 35, lakini kwa miaka kadhaa mfululizo Tanzania iliomba kutoza asilimia 10, kwa kutambua kwamba ushuru kamili ungelipwa na mla mkate.

Wizara ya Kilimo imeiweka ngano miongoni mwa mazao ya kipaumbele, na mbegu zimesambazwa katika mikoa kama Manyara, Rukwa na Njombe. Ni jitihada njema, ila si ya kwanza. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa msaada wa Kanada, taifa liliendesha mashamba makubwa saba ya ngano wilayani Hanang chini ya shirika la NAFCO. Ngano ilipatikana, lakini matrekta, vipuri na wataalamu vilitegemea fedha za wafadhili, na Wabarbaig walipoteza malisho yao na kulazimika kwenda mahakamani. Msaada ulipokoma, mashamba yalidorora. Anayeahidi leo kwamba ngano ya ndani italishusha andazi bei anapaswa kwanza kueleza nini kitakuwa tofauti na Hanang.

Zaidi ya hapo, ngano ikivunwa bado inapaswa kusagwa, na usagaji umo mikononi mwa kampuni chache kubwa. Iliyo kubwa zaidi ni ya Said Salim Bakhresa, mzaliwa wa Zanzibar aliyeanza na biashara ndogo ya chakula na kujenga kundi la viwanda linalosaga ngano katika nchi kadhaa za Afrika. Bekari yake nayo huoka mikate inayofika kila duka la Bagamoyo kwa gari kila asubuhi. Hivyo bekari ya mtaani hununua unga kwa msagaji ambaye pia ni mshindani wake. Hilo si kosa la mtu yeyote, wala hakuna sheria iliyovunjwa, lakini linaeleza kwa nini bekari nyingi za mtaani ziliacha kuoka mkate wa boksi na kukimbilia vitafunio vyenye iliki, nazi na viungo. Katika mkate mweupe haziwezi kushindana na kiwanda. Kwenye visheti na kalimati kiwanda hakijapata njia ya kuzishinda.

Sukari ya jirani

Sukari ni kisa kingine, na kwa Bagamoyo kina uchungu wa pekee. Katika eneo la Makurunge, ndani ya wilaya hiyo hiyo, kundi la Bakhresa lilipewa ardhi katika awamu ya Rais John Magufuli, baada ya mradi wa awali wa kampuni ya EcoEnergy kuondolewa. Kiwanda cha Bagamoyo Sugar kilianza uzalishaji mwaka 2022. Wakazi walitarajia kwamba sukari ingekuwa kitu cha jirani.

Mwanzoni mwa mwaka 2024 mvua kubwa za El Nino zilizuia uvunaji wa miwa katika viwanda vingi nchini, na kilo ya sukari iliuzwa kwa zaidi ya Sh4,000 katika maeneo mengi, licha ya Bodi ya Sukari kutangaza bei elekezi iliyo chini ya hapo. Ramadhani ilianza Machi, wakati ambapo Bagamoyo hula sukari kuliko wakati wowote mwingine. Visheti bila shira ni vipande vya unga tu. Juni mwaka huo suala la vibali vya kuagiza sukari lilitikisa Bunge na kumfanya mbunge wa Kisesa, Luhaga Mpina, asimamishwe kuhudhuria vikao 15. Sheria ya Fedha ya 2024 ikaipa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) nafasi ya kuagiza na kuhifadhi sukari ya kuziba pengo.

Somo ambalo wapikaji walilipata mapema kuliko wabunge ni kwamba kuwa karibu na kiwanda si kuwa karibu na sukari. Bidhaa hutoka Makurunge ikaingia katika mtandao wa jumla na kurudi Bagamoyo ikiwa na bei ya kila mahali.

Kuni, nembo na uani

Yapo pia masharti. Tangu Sheria ya Fedha ya 2019 ihamishe usimamizi wa usalama wa chakula kutoka iliyokuwa TFDA kwenda Shirika la Viwango Tanzania (TBS), mjasiriamali mdogo anayetaka kuuza vitafunio vyake madukani na hotelini anahitaji nembo ya TBS. Serikali iliweka utaratibu mzuri: kwa barua ya utambulisho kutoka SIDO, mjasiriamali mdogo hupata huduma hiyo bila malipo kwa miaka ya mwanzo. Kikwazo si ada. Kikwazo ni kwamba eneo la uzalishaji linapaswa kutenganishwa na makazi, na bekari nyingi za Bagamoyo ni ua wa nyumba. Mwanamke anayepika visheti vinavyosifiwa mji mzima hawezi kuvipeleka katika hoteli ya kitalii iliyo hatua mia chache kutoka kwake, ambako mgeni huletewa biskuti za pakiti zilizotoka nje ya nchi.

Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ambayo kisheria hugawanywa kwa wanawake asilimia nne, vijana nne na watu wenye ulemavu mbili, ingeweza kujenga majengo ya pamoja ya kuokea. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 baada ya ukaguzi kuonyesha fedha nyingi hazikurejeshwa, kisha ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Kwa kawaida hutolewa kwa vikundi kununua bidhaa au vifaa, mara chache kwa kujenga. Jengo moja lenye maji, sakafu ya vigae na matanuri manne lingewatoa uani wapikaji wengi kwa mpigo, nalo lingekaguliwa mara moja badala ya nyumba hamsini kukaguliwa moja moja.

Kuhusu nishati, mkakati wa taifa uliozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Mei 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Mikoko ya delta ya Ruvu ingefurahi kusikia hivyo. Hata hivyo, mtungi wa kilo sita unaotolewa kwa ruzuku ni wa kupikia ugali nyumbani. Tanuri la kuoka trei kumi kwa saa linahitaji kitu kingine kabisa, na mkakati huo umezungumziwa zaidi kwa lugha ya sufuria kuliko ya tanuri.

Kitumbua kinasemaje?

Katikati ya mjadala huu wa ngano, kipo chakula kimoja kinachokaa kimya mezani. Kitumbua hakina ngano. Ni mchele uliolowekwa na kusagwa, tui la nazi, hamira, sukari na iliki. Mkate wa kumimina ni hivyo hivyo, na vileja vya Zanzibar navyo ni unga wa mchele. Mpunga hulimwa Bonde la Ruvu, ndani ya mkoa huo huo wa Pwani.

Nigeria ilijaribu njia ya kukwepa ngano kwa kuagiza wasagaji wachanganye unga wa muhogo. Sera ya asilimia 10 ilianza katikati ya miaka ya 2000, ikafufuliwa kwa nguvu chini ya Rais Goodluck Jonathan, na haikudumu, kwa sababu wasagaji hawakuitaka na unga bora wa muhogo haukupatikana kwa wingi. Tatizo lao lilikuwa kulazimisha mkate wa ngano uwe kitu kingine. Mwambao wa Tanzania hauna haja ya kulazimisha, kwani tayari unavyo vitafunio ambavyo havikuwahi kuhitaji ngano na ambavyo watu huvipenda kwa hiari yao.

Bila shaka mchele nao si kinga kamili. Mwanzoni mwa mwaka 2023 kilo ilivuka Sh3,000 katika masoko ya Dar es Salaam, na vitumbua vikapungua kama maandazi yalivyopungua. Tofauti ni kwamba bei ya mchele ikipanda, fedha hiyo walau ina nafasi ya kufika Ruvu, Kilombero au Kyela. Ya ngano huondoka na meli.

Palipo na hofu zaidi ni kwenye nazi. Minazi ya mwambao imezeeka, na kwa miongo kadhaa imeshambuliwa na ugonjwa wa kunyong'onyea, ambao huua mnazi mzima na hauna dawa. Wakati huo huo viwanja vinapimwa kuanzia Mapinga na Kerege hadi Zinga, kwa kutarajia bandari ambayo mkataba wake ulitiwa saini mwaka 2013 wakati wa ziara ya Rais Xi Jinping wa China, ikakwama katika awamu ya Rais Magufuli, na mazungumzo yake kutangazwa kufufuliwa Juni 2021. Anayenunua kiwanja huanza kwa kukata minazi.

Utafiti wa minazi nchini ulianza mwaka 1979 kupitia mradi wa taifa wa kuendeleza zao hilo, na kituo chake kidogo cha Chambezi kipo hapa hapa Bagamoyo, chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo (TARI) Mikocheni. Mnazi mrefu wa Afrika Mashariki huanza kuzaa baada ya miaka sita au zaidi. Mche unaopandwa Chambezi msimu huu hautatoa tui kabla ya mwanzoni mwa miaka ya 2030, na wapikaji wa Dunda watanunua nazi kwa Ramadhani zote zitakazopita kabla ya hapo.